Vioo Vilivyokataa Umeme

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, binti aligusisha nyaya za mita kwenye kioo cha kwanza. Mshale haukutikisika. Akakigeuza, hola. Vioo vyote kumi na viwili, ambavyo jana saa kumi na moja jioni vilipitisha umeme vizuri, vilikuwa vimekufa.

"Shangazi, wamenimaliza! Watahini wanaingia ukumbini saa tano. Watasema vipimo nilivitunga, nifukuzwe chuo."

Mtunza stoo, ambaye maabara nzima ilimwita Shangazi, alivaa miwani. "Machozi pembeni, mwanangu. Hivi unavipikaje?"

"Nachanganya chumvi ya zinki na maji, natia alumini kidogo sana, napuliza kama ukungu juu ya kioo kilicho kwenye jiko la moto. Utando mwembamba unashika. Bila alumini, umeme unapita kwa shida, mita hii haiuoni."

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mimi, fundi wa mitambo na mwalimu wangu. Huyo mtoe, ni mjomba, kaka yake mama."

Fundi alikuja na shavu limevimba, akaulizwa kama ndiye aliyeviosha vioo. Tangu jana alasiri alikuwa kwa daktari wa meno, akalazwa huko huko hadi asubuhi. "Kikombe changu chenyewe kinanishinda kuosha, Shangazi, nitaosha vioo vya watu?"

Shangazi aliviinua dirishani. Vilimeta rangi rangi, kama povu la sabuni.

"Havikuoshwa. Utando upo, ila si wako; huu haukutiwa alumini. Wewe unabana kioo pembe ngapi?"

"Moja."

"Tazama. Pembe mbili ziko tupu, ukungu haukufika chini ya kibanio. Jiko letu la zamani lilikuwa limeinama, vioo vikiteleza. Aliyejifunzia pale hajaacha kubana pembe mbili. Amebaki mmoja, na ufunguo anao."

Binti alikaa chini bila kutazama kama pana kiti. Palikuwa na kiti.

Saa nne na robo, Shangazi alipomwonyesha zile pembe, mwalimu alifungua mkoba mwenyewe. Vioo halisi vya binti vilikuwa ndani ya taulo.

"Miaka tisa nimeutafuta utando huu," alisema. "Wewe miezi minane! Nimeshaupeleka kuchapishwa kwa jina langu. Ungefukuzwa, nani angeuliza?"

"Wewe ndiye uliyenileta hapa, mjomba."

"Usimwambie mama yako."

Binti alivihesabu vioo vyake, kimoja kimoja.

"Mama yupo ukumbini, mstari wa mbele. Amekuja kutusikiliza sote wawili."