Kiporo Hakijipashi Moto

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bibi Sikuzani alichukua ufagio wake akaenda kufukuza mbuzi zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa bado haijawa zahanati. Ilikuwa kuta tu, bila paa na bila milango. Watu wa serikali huita jengo la namna hiyo boma. Mbuzi waliliita nyumbani.

Kijiji chao kiko pale Nachingwea na Ruangwa zinapokaribiana. Ukienda huku, hospitali ni mbali. Ukienda kule, ni mbali vile vile. Mjukuu wa kwanza wa Sikuzani alizaliwa njiani, chini ya mkorosho, mvua ikinyesha. Mwanamke mmoja asiyewajua alitoka shambani kwake, akamfunika mama na mtoto kwa kanga zake zilizokuwa kavu. Yeye mwenyewe akabaki analowa. Sikuzani hakumsahau mwanamke huyo.

Ndiyo maana wanakijiji walipoanza kujenga zahanati, alitoa tanuri lake zima la matofali. Alikuwa ameyachoma ili ajenge upya jiko lake lililoanguka. Mpaka leo alikuwa anapikia chini ya turubai. Na sasa Faudhia, mke wa mwanawe Mustafa, alikuwa na mimba ya pili.

Jambo moja lilimchanganya sana. Mwaka uliotangulia, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mikidadi, alisimama mbele ya ofisi akasema, "Ndugu zangu, bajeti imepita! Zahanati yetu imo ndani."

Watu walipiga makofi. Sikuzani naye alipiga. Lakini nyumbani kwake walisema Kimwera, na Kiswahili cha ofisini kilimteleza. Alipofika nyumbani akamwuliza Faudhia:

"Imepita saa ngapi?"

"Nini, mama?"

"Hiyo bajeti. Mimi nilikuwa barabarani tangu asubuhi, naanika mihogo. Sikuona gari."

Faudhia alicheka mpaka akashika kiuno. "Imepita maana yake imekubaliwa, mama."

"Kama imekubaliwa, si ishuke? Mbona inapita?"

Faudhia akacheka tena, akaendelea na kazi yake.

Miezi ikaenda. Bati halikuja hata moja. Msimu huo bei ya korosho ilianguka, na redio ikawa inasema kila siku: mtikisiko wa uchumi, mtikisiko wa uchumi. Sikuzani alitazama sufuria zake. Hazikuwa zimetikisika. Akazidi kuchanganyikiwa.

Ijumaa moja, mwezi wa kumi na moja, alimkuta jirani yake Bilali ndani ya boma. Bilali alikuwa anagonga ukuta kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini, baba?"

"Natafuta matofali yangu. Jumapili tunabomoa. Kila mtu achukue ya kwake kabla mvua hazijaangusha kuta. Wengi wamekubali. Tunakusubiri wewe, maana ya kwako ndiyo mengi."

"Na bajeti?"

Bilali akacheka kwa uchungu. "Bajeti imepita kweli, mama. Imepita kama lori la magogo. Sisi tumeachiwa vumbi."

Kisha akaona ndoo ya maji ambayo Sikuzani alikuwa ameiweka mlangoni. Akaibeba mpaka nyumbani kwa Sikuzani bila kuambiwa. Ndivyo alivyokuwa Bilali: mdomo mkali, mkono mwema.

Alipofika nyumbani, Sikuzani akakaa kwenye mkeka akaanza kumenya karanga. Moyo haukutulia. Akiyachukua matofali, atapata jiko. Asipoyachukua, mvua itakula udongo unaoyashikilia, kuta zitaanguka, na atakosa jiko na zahanati. Lakini Faudhia je?

Mchana akapita Dorotea, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alikuwa mwenyeji wa Marambo, amepanga chumba nyumba ya pili. Hakungoja kiti. Alikaa chini, akavuta karanga upande wake, akaanza kumenya.

"Bibi, mbona uso umekunjamana hivyo?"

Sikuzani akamweleza yote. Mwisho akauliza, "Binti yangu, niambie kweli. Fedha zetu zimeibwa?"

"Twende kwenye ubao wa matangazo. Wewe si unajua kusoma?"

"Nilisoma kisomo cha watu wazima. Nasoma polepole."

"Polepole inatosha."

Ubao ulikuwa nje ya ofisi ya kijiji. Kila siku Sikuzani aliupita. Hakuwahi kudhani kwamba unamsemesha yeye. Akaweka kidole juu ya karatasi ya halmashauri ya mwaka uliokwisha.

"Ma-ki-si-o. Makisio. Na hapa... Ma-ku-sa-nyo. Makusanyo. Sasa haya si mamoja?"

"Siyo mamoja, Bibi. Ukipanda ufuta, kabla ya kuvuna huwa unasemaje?"

"Nasema, mwaka huu nitapata magunia manne, Mungu akipenda."

"Hayo ni makisio. Bajeti ni makisio. Ikipita, maana yake wamekubaliana: tukipata hivi, tutafanya hivi. Makusanyo ni kile kilichoingia kweli ghalani."

Sikuzani akatazama tena. Namba ya makisio ilikuwa ndefu. Namba ya makusanyo ilikuwa fupi.

"Hapakuvunwa," akasema taratibu.

"Hapakuvunwa. Katika kila kilo ya korosho inayouzwa mnadani, sehemu ndogo ni ushuru wa halmashauri. Bei ikianguka, ushuru nao unaanguka. Na mwaka ule biashara zilidorora nchi nzima, kwa hiyo serikali kuu nayo ilikusanya kidogo. Huo ndio mtikisiko wa uchumi. Hautikisi sufuria. Unatikisa kinachoingia ndani ya sufuria."

"Kidogo kilichopatikana kilikwenda wapi?"

"Soma hapa chini."

Alisoma kwa muda mrefu. Dorotea hakumharakisha. Palikuwa na mishahara ya wauguzi. Palikuwa na dawa. Palikuwa na daraja lililokatika. Majengo mapya yalisubiri.

"Basi mwaka huu bei imepanda," Sikuzani akasema, uso ukichangamka. "Watatuletea bati letu la mwaka jana."

Dorotea akatikisa kichwa. "Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mtu aliyepona homa haamki siku hiyo hiyo akalima ekari. Halmashauri nayo inaanza kwa kulipa madeni ya mwaka mbaya. Tena mwaka wa serikali unaanza Julai na kuisha Juni. Mradi uliokosa fedha haujisogezi wenyewe kwenda mwaka unaofuata. Unaitwa kiporo."

Sikuzani akasimama wima. "Nini?"

"Mradi kiporo."

"Jasho letu linaitwa kiporo? Makombo?" Akaondoa kidole ubaoni. "Nimetoa tanuri zima, napikia chini ya turubai, halafu mnaniita makombo?"

Dorotea alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hapana, Bibi. Samahani. Kiporo si makombo. Kiporo ni chakula kizima kilichobaki, bado kinalika. Lakini lazima mtu akikumbuke, akipashe. Kisipokumbukwa kinachacha. Jumanne kuna mkutano mkuu wa kijiji. Ndipo tunapoandika maombi ya bajeti ijayo. Msipolitaja boma, halitaandikwa. Na watu wasipotimia, mkutano si halali."

"Na tukilibomoa Jumapili?"

"Mtakuwa hamna tena kiporo. Mtakuwa na sufuria tupu. Wenye maboma yaliyosimama ndio wanaofikiriwa kwanza."

Sikuzani alirudi nyumbani. Maneno yalikuwa yanamzunguka kichwani kama kuku wasiojua banda lao: makisio, makusanyo, kiporo. Hakuwa na hakika kwamba ameyashika yote. Ila la mwisho alilijua. Hilo lilikuwa la jikoni kwake.

Jumamosi asubuhi alimwita Bilali aje kula. Akamwekea bakuli la mbaazi za jana, zimeganda, na muhogo baridi.

Bilali akaonja. Akatazama bakuli. Akamtazama mama mtu mzima.

"Mama, hizi ni za baridi."

"Ni kiporo. Kimwage, basi."

"Nimwage chakula? Mbaazi nzuri na nazi yake!"

"Sasa utafanyaje?"

"Si nipashe moto tu!"

"Haya, pasha."

Bilali alichochea kuni chini ya turubai, huku moshi ukimwingia machoni. Mbaazi zilipochemka, harufu ya nazi ikajaa uwanjani. Alipokuwa anakula, Sikuzani akamweleza mambo ya ubao. Alikosea hapa na pale. Faudhia alimsaidia.

Bilali akaramba kidole. "Kwa hiyo nilikuwa naenda kumwaga mbaazi."

"Na sufuria ungeivunja."

"Lakini mvua, mama! Mvua haijui bajeti."

"Kwa mvua kuna nyasi," Faudhia akasema. "Nyumba za babu zetu zilifunikwa na nini?"

Jumapili watu walikuja na majembe ya kubomolea. Bilali, aliyewaita, ndiye aliyewazuia. Wengine walinuna, wakasema bibi amemlisha dawa. Yeye akajibu, "Ni kweli. Dawa ya mbaazi." Watu wakacheka, na kicheko kikawalegeza. Siku hiyo hawakubomoa. Walikata nyasi, wakafunika vichwa vya kuta zote. Mwanamume mmoja aliyekuwa amenuna kuliko wote alifunika kwanza upande wenye matofali ya Sikuzani. Sikuzani aliona.

Jumanne mkutano ulitimia. Mzee Mikidadi alipouliza maombi, Sikuzani alisimama.

"Mimi sijui maneno ya ofisini. Ninaomba kiporo chetu kiandikwe. Kama fedha ni chache, tusiombe paa lote. Tuombe chumba cha kujifungulia kwanza."

Wakaandika hivyo kwenye muhtasari. Dorotea akaupeleka kata, na kila mwezi Bilali alikwenda kuuliza umefika wapi.

Faudhia hakungoja paa. Wiki tatu kabla ya siku zake, Mustafa alimpeleka mjini Ruangwa kwa shangazi yake, karibu na hospitali. Alijifungua salama mtoto wa kike.

Mwezi wa sita Mzee Mikidadi alisimama tena mbele ya ofisi. "Ndugu zangu, bajeti imepita! Chumba chetu kimo."

Makofi yalipokwisha, mkono mmoja ulibaki juu. Ulikuwa wa Sikuzani, na mjukuu mgongoni.

"Mwenyekiti, hayo ni makisio. Makusanyo tutakuwa tunayasoma wapi?"

"Hapo ubaoni, Bibi. Kila baada ya miezi mitatu."

"Nitakuwa napita," akasema, na watu wote wakacheka.

Alipita kweli, na kidole chake. Mwezi wa kumi bati za chumba kimoja zilifika. Vyumba vingine vilibaki na nyasi zao, vikingoja bajeti nyingine. Bilali alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni. Alipomwona Sikuzani anakuja na ufagio, akaitema kiganjani akapaza sauti:

"Mama! Kiporo kimeshika moto!"

Sikuzani akamfukuza mbuzi wa mwisho mlangoni. Kisha akageuka akamwita mkwe wake.

"Faudhia, mletee Bilali mbaazi. Na leo mpashie."