Mbao za Picha ya Ndege

Injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Mkondo wa maji yaliyokuwa yakipwa ukaisukuma mashua hadi karibu na mikoko ya Mtongwe. Mjomba Chengo, mwenye mashua, aliposhuka kuizuia, gamba la chaza likampasua wayo. Lamis akainama kumshika. Simu yake ikachomoka mfukoni, ikazama.

Lamis, mchoraji wa Likoni, alikuwa amekuja kumtazama mla kaa, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi. Mzee Yeslam alimpa picha ya ndege huyo aitengeneze. Ilichorwa kwa mkono zaidi ya miaka mia iliyopita, na wadudu walikuwa wamekula sehemu yote ya miguu ya ndege. Alikuja nayo ailinganishe na ndege hai, imefungwa katikati ya mbao mbili pana.

Kufikia saa sita mchana lilibaki tope tupu hadi ufuoni. Chupa ilikuwa na mafunda matatu ya maji. Leso aliyomfunga Chengo mguuni ilikuwa imelowa damu.

"Maji yatajaa saa ngapi?"

"Alasiri." Chengo aliutazama mguu. "Bado sana."

Alijaribu hatua moja, akazama hadi mapajani. Lamis alimvuta kwa kamba mpaka viganja vikachubuka. Wakakaa wakihema. Kisha Lamis akazishika zile mbao.

"Usizifungue, mwanangu. Hiyo ni amana ya watu."

"Na wewe una wenyewe, mjomba."

Akailaza picha mashuani. Chengo akapiga magoti juu ya ubao mmoja. Lamis, akitambaa kwa tumbo, akauweka wa pili mbele, Chengo akahamia juu yake, naye akauchomoa wa nyuma. Walipumzika kila hatua kumi, baadaye kila hatua tatu. Ndege wawili, wala kaa, walitua karibu. Lamis hakuinua kichwa.

Nyamvula, mama aliyekuwa akiokota chaza ukingoni, ndiye aliyewaona akaita watu. Zahanatini Chengo alishonwa nyuzi kumi na moja.

Jioni mashua ilipatikana imejaa maji. Lamis alimpelekea Mzee Yeslam picha yake, sasa karatasi yenye doa la rangi tu.

"Nisamehe, babu."

Mzee aliipokea. "Ilikuwa ya marehemu baba," alisema. "Na Chengo?"

"Yuko kwake, amelala."

"Alhamdulillahi. Keti basi."

Alimmiminia kahawa. Vidole vya Lamis vilikataa kukunjika kushika kikombe. Mzee akaweka karatasi kando, akamshikia kikombe mpaka akamaliza kunywa.