Pumzi ya Mwenyekiti

Fundi sauti alipochomoa pini na kuuvuta mlango wa chumba cha kurekodia, maiti ilimwangukia miguuni.

Ilikuwa ya Mwenyekiti wa Baraza la Sanaa la Jamii la mkoa. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, na mlango ulipofunguka, naye akaufuata. Kucha zake zilikuwa zimevunjika. Ukutani, sponji la kuzuia mwangwi lilikuwa limenyofolewa kwanza usawa wa kifua, kisha chini yake, kisha chini kabisa karibu na sakafu.

Inspekta wa upelelezi alichuchumaa akayatazama yale mapengo bila kuyagusa. Mwanamke huyu alianza kupigania roho yake akiwa amesimama.

"Nani amemgusa?"

"Mimi," fundi sauti alisema. "Nilimwinua kichwa. Nilidhani amezirai."

"Na pini uliichomoa kwa mkono mtupu?"

"Hapana, afande. Nilikuwa na glavu. Nilikuwa nje navuta nyaya."

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya tundu lake. Kwa nje."

Inspekta alimwita mtaalamu wa alama za vidole, akamwonyesha ile pini.

Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la nyama, na chumba cha kurekodia ndicho kilikuwa chumba cha baridi. Kuta zake zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono, mlango wa chuma, komeo la nje, na pini ya kushikilia komeo ikining'inia kwenye mnyororo mfupi. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'olewa siku nyingi; bila pini, mlango ulisukumwa tu ukafunguka. Hewa iliingizwa na feni, na swichi ya feni ilikuwa nje.

"Ilikuwa imezimwa," fundi sauti alieleza. "Huwa tunaizima tukirekodi, maana inavuma. Mwenyekiti alitaka kurekodi hotuba ya maadhimisho ya Baraza, isambazwe kwenye matawi yake. Nilimtegea kipaza sauti, nikawasha mashine, nikaenda zangu uwanjani kwenye mazoezi ya ngoma. Alipenda kujirekodi peke yake. Akimaliza huzima mwenyewe."

"Mashine ilirekodi nini?"

"Hakuna. Kipaza sauti kilikuwa hakijafunguliwa. Hata salamu hajatoa."

Daktari wa polisi alivua miwani yake. "Hana jeraha la maana, ukiacha hizo kucha. Alikuwa na pumu. Kifua kilimbana, hewa nzito, hana dawa ya kuvuta. Ni jana alasiri. Baada ya uchunguzi wa maiti nitakupa maelezo kamili, lakini usitarajie kitu kipya."

Koplo aliyekuwa akiandika alipumua kwa nafuu. "Basi ni ajali, afande. Mlango ulijibamiza, pini ikateleza."

Mtaalamu alipomaliza kazi yake, Inspekta aliubamiza mlango kwa nguvu. Pini ilicheza kwenye mnyororo wake, ikatulia. Akaubamiza tena, na tena. Pini haikuingia.

"Nifungie," alisema, akaingia ndani.

"Afande?"

"Nifungie, utie pini. Kisha simama hapo hapo uniite kwa sauti yako yote."

Mlango ulifungwa. Kitu cha kwanza alichosikia ni damu yake masikioni. Kitu cha pili, sauti ya Koplo, hakikuwapo. Alingoja. Akaugonga mlango kwa kiganja, na kishindo kikanywewa na kuta kabla hakijafika popote. Alikuwa anajua vizuri kwamba Koplo yuko upande wa pili, umbali wa shubiri moja, na bado shingo ilianza kumlowa jasho. Akajikuta anahesabu pumzi zake kama mtu anayezibania matumizi.

Mlango ulipofunguliwa, alitoka haraka kuliko alivyokusudia.

"Uliniita?"

"Mpaka koo limekauka, afande."

"Hii siyo ajali. Kuna mtu aliitia pini hii kwa mkono wake, akaondoka."

Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa mchoraji, ambaye mkoa mzima ulimwita Brashi. Wote waliohojiwa walisema neno moja: katika kikao cha mwisho, Brashi alisimama mbele ya wajumbe akamwambia Mwenyekiti, "Utalikumbatia baraza hili mpaka likunyonge".

"Nilisema," Brashi alikiri. Alikaa kwenye kiti cha kituoni amejikunyata, rangi ya kijani imemkaukia viwikoni. "Nilisema na sifuti."

"Ulikuwa unamtishia?"

"Nilikuwa nambembeleza. Afande, sisi tulianza vizuri. Wachache tu, kwenye banda la mkaa, ngoma tumeazima, mapazia ni shuka za watu. Mwaka ukapita, tukapata ukumbi. Wilaya ya jirani wakaona wakataka tawi. Tukawapa. Wengine nao wakataka. Sasa kila wilaya ina tawi, na kila tawi lina kwaya, lina wachongaji, lina watoto wa sarakasi, na wote wanamtazama mtu mmoja."

"Hilo si jambo zuri?"

"Zuri sana. Jaribu kutoka uone." Brashi alicheka bila furaha. "Mimi nilimwambia naacha, nataka kuchora picha zangu kabla macho hayajafifia. Alikuja nyumbani akakaa sebuleni. Mke wangu akapika, akala. Tukawasha taa, yupo. Tukaaga kwenda kulala, yupo. Asubuhi nikamwambia basi, nimerudi. Akanikumbatia akalia. Alikuwa anatupenda, hilo ndilo baya. Angekuwa mtu mbaya tungemkimbia."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi, napaka rangi pazia kubwa la jukwaa. Watu wa matawi wote walikuwa chini yangu wanapiga ngoma. Waulize. Nilimdondoshea rangi kiongozi wa kwaya kichwani, hatasahau."

Waliulizwa. Ilikuwa kweli, na kiongozi wa kwaya alikuwa bado na kijani kwenye nywele.

Inspekta alirudi ofisini kwa Mwenyekiti. Mkoba wa marehemu ulikuwa juu ya meza, zipu imefungwa. Ndani kulikuwa na simu iliyozimwa, na kwenye mfuko wa pembeni, dawa ya pumu ya kuvuta, karibu imejaa.

"Mtu mwenye pumu anaiachaje dawa yake mezani?" Koplo aliuliza.

Fundi sauti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kidogo. "Hakuwa anaubeba yeye. Mkoba anabeba Sindano."

"Sindano ndiye nani?"

"Mdogo wake, wa tumbo moja. Mkuu wa mavazi. Mwenyekiti akienda popote, Sindano yuko nyuma na mkoba. Kifua kikibana, mkono unanyooshwa nyuma tu, dawa inatiwa kiganjani. Hata hageuki."

"Jana alipokuja kurekodi, alikuwa na mkoba?"

"Mikono mitupu, afande."

Sindano alikuwa katika chumba cha mavazi, katikati ya majoho ya kwaya. Alikuwa mwembamba mpaka nguo zilizoning'inia zilionekana kuwa na mwili kumzidi yeye. Macho yalikuwa mekundu, lakini mikono haikuacha kushona kola.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa."

"Jana ulimwona dada yako mara ya mwisho lini?"

"Mchana, baada ya chakula. Nilimkabidhi mkoba wake, akaenda nao kurekodi. Mimi nikaja huku."

"Akaenda nao?"

"Ndiyo."

"Mkoba umekutwa ofisini."

"Basi aliupitisha ofisini kwanza."

"Na simu akaizima?"

Sindano alikata uzi kwa meno. "Labda."

"Watu wa matawi wote wananiambia dada yako hajawahi kuzima simu. Hata kwenye mazishi ya mama yenu ililia."

Sindano aliiweka kola chini.

Alasiri hiyo mtaalamu wa alama za vidole alipiga simu. Juu ya kichwa cha pini kulikuwa na alama moja safi ya kidole gumba, na katikati yake vijitundu vidogo vidogo, kama vya mtu anayechomwa na sindano kila siku. Wakati huo huo Koplo alirudi kutoka nyumba waliyoishi dada hao wawili. Chumba cha Sindano kilikuwa kitupu. Godoro halina shuka, cherehani yake haipo, na nyuma ya mlango kulikuwa na begi lililofungwa kamba.

Sindano aliletwa kituoni. Inspekta alimsomea haki zake, akamwambia anaweza kunyamaza.

"Nimenyamaza maisha yangu yote," Sindano alisema. "Andika."

Koplo akashika kalamu.

"Cherehani yako iko wapi?"

"Kwenye mji mwingine. Nimepanga chumba huko, chenye dirisha la barabarani. Nilitaka kushonea watu ambao hawanijui. Sketi, sare za shule, chochote."

"Kuna mtu anakungoja huko?"

"Hapana. Kila mtu anadhani lazima kuwe na mwanamume. Kuna dirisha."

"Dada yako alijua?"

"Nilimwambia jana, mle ndani, kabla hajaanza kurekodi. Nilimfuata. Nikamwambia, dada, basi linaondoka leo na mimi naondoka nalo. Akasema nimepewa tawi jipya la mpakani niliongoze, wajumbe wameshapitisha. Nikamwambia sitaki tawi. Akashika kifua."

"Pumu."

"Afande, hujaelewa." Sindano aliongea taratibu, kama anayemwelekeza mtoto njia. "Nilipotaka kuolewa, kifua kilimbana. Nilipopata kazi kiwandani, kifua kilimbana. Kila nikishika begi, kifua kinambana, na mimi naweka begi chini natoa dawa. Alikuwa mwigizaji bora kuliko wote mkoani, na alikuwa mgonjwa kweli. Vyote viwili. Nimeishi naye tangu utotoni na sijawahi kujua lini ni lipi."

"Kwa hiyo jana?"

"Akanyoosha mkono. Ule wa kuomba dawa. Nilikuwa nimeushika mkoba. Nikatoka, nikafunga mlango."

"Na pini?"

"Ningesikia hatua zake nyuma yangu, ningerudi. Najijua. Basi nikaitia pini."

"Halafu?"

"Simu ikaanza kulia mkobani. Watu wa matawi. Nikaizima, nikauacha mkoba ofisini. Nikatembea moja kwa moja hadi stendi, begi nimeliacha nyumbani, nikakata tiketi, nikapanda, nikakaa dirishani. Basi likawasha injini." Alitazama viganja vyake. "Nikashuka."

"Ulishuka kwenda kumfungulia?"

"Nilirudi mpaka kwenye jengo la Baraza. Nikapita mbele ya ule mlango. Kulikuwa kimya. Nikaenda kushona kola."

"Ungeweza kumfungulia."

"Ningeweza."

"Ulikuwa unaogopa utamkuta amekufa?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia ua wa kituo.

"Hilo niliogopa," Sindano alisema. "Lakini niliogopa zaidi kumkuta mzima. Angekuwa amekaa pale, amenisamehe. Na nisingeondoka tena."

Koplo aliandika mpaka mwisho. Inspekta aliyachukua maelezo hayo, akamsomea Sindano yote, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Alipofika mahali palipoandikwa, *Nilifunga mlango kwa sababu nilidhani marehemu anaigiza,* Sindano aliinua kidole.

"Hapo siyo."

"Unataka ibadilishwe?"

"Sikusema nilidhani. Huyu kijana amenionea huruma." Alimtazama Koplo bila hasira. "Andika kwamba sikutaka kujua."

Koplo alimtazama mkubwa wake. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Mstari ukakatwa, mwingine ukaandikwa juu yake, na Sindano akaweka sahihi yake ndogo pembeni ya masahihisho, kisha chini ya ukurasa, kwa mwandiko uliopangika kama mshono.