Ngoma ya Babu Mulama

Ngoma ililia kabla Everline hajaigusa.

Munyoki, mpiga gitaa, alidhani ni garimoshi linapita nyuma ya nyumba zao za reli, Makongeni. Walibakiza wimbo mmoja tu kukamilisha albamu yao ya kwanza, wao wawili, baada ya miaka ya kutukanwa na majirani. Everline alitaka wimbo huo uwe na ngoma ya babu yake, Mulama. Babu alipozikwa, ukoo uliipasua ngozi ya ngoma hiyo kwa kisu ili isipigwe tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: Everline akaipeleka kwa fundi mtaani Shauri Moyo, ikawambwa ngozi mpya.

"Manze, unaskia hiyo harufu?" Everline alinong'ona. "Kama nyama imeoza."

"Ni mtaro. Gonga tu, narekodi."

Pigo la kwanza lilimpasua mdomo. La pili likamvunja kidole, akapiga mayowe, akataka kuacha, lakini mikono ikamkatalia, ikazidi kupiga, na kila mlio uliotoka kwenye ngoma ukamrudia mwilini kama rungu, mgongoni, mbavuni, shingoni, hadi damu ikarukia nyuzi za gitaa, na Munyoki, Mungu amsamehe, hakuzima mashine, kwa maana hakuwa amewahi kusikia mdundo mtamu kama ule.

Beldina, mamake Everline, ndiye aliyevunja mlango. Aliichoma ngozi kwa kisu cha jikoni akiliita jina la marehemu babake. Ndani ya ngoma kitu kikakoroma kama ng'ombe anayechinjwa, kisha kimya.

"Futa hiyo sauti, Munyoki," alisema. "Baba alilichunga hilo jini maisha yake yote. Linaishi kwenye mlio. Aliyeliamsha akiusikia tena, litampiga."

"Nimefuta, Mama Eva."

Hakufuta. Njia ya mwongo ni fupi. Albamu ilipotoka, wimbo huo ulienea mitaa yote ya Eastlands, naye Munyoki akaenda hospitali na habari njema. Everline alikuwa ameketi kitandani, bandeji mbavuni, akitabasamu.

"Albamu imeshika mbaya, Eva."

Kwenye kitanda cha pili, mgonjwa aligusa simu yake. Mdundo ukaanza. Kichwa cha Everline kikapigwa ukutani, pu! Munyoki akaruka, akaipokonya simu na kuizima.

Everline alitema jino kiganjani. Akalitazama, kisha akamtazama rafiki yake.

"Munyoki," alisema polepole, "ni watu wangapi wako nayo?"

Munyoki akageukia dirishani. Chini ya dirisha, ng'ambo ya barabara, kinyozi alikuwa akiwasha spika zake.