Katsuva wa Bunia, Mathieu wa Aru

Jumatatu moja ya Agosti 1977, saa mbili asubuhi, mtoto Katsuva alikuwa na homa. Uvimbe wa taya lake la kushoto, ambao mwezi wa Juni ulikuwa mkubwa kama chungwa, ulikuwa umepungua na kubaki kama yai.

Dada yake Kavira, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameteka maji, amefagia uwanja na kukoroga uji. Katsuva hakuunywa. Siku hiyo alitakiwa kupewa dawa mara ya pili katika hospitali ya serikali mjini Bunia, kwa hiyo wakaondoka pamoja na mama yao.

Mlangoni mwa hospitali mama alimshika Kavira mkono.

"Weye, usiseme kitu juu ya Aru. Dokta akijua tulipita kwa wengine, atatufukuza."

Kavira alikubali kwa kichwa. Juma lililopita yeye na Katsuva walikuwa wamefuatana na mama kwenda sokoni Ariwara kununua vitenge. Kutoka huko mama aliwapeleka kwenye dispensari ya misioni Aru, kwa sababu watu waliisifu dawa yake. Huko Katsuva alitundikiwa chupa ya dawa ya kuingia mshipani. Misioni walimwandika kwa jina lake la ubatizo, Mathieu. Bunia alikuwa ameandikwa Katsuva, kwa kuwa miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu.

Ndani, muganga Vahwere, muuguzi wa hospitali, alikuwa akitayarisha chupa.

"Katsuva, leo utalia tena kama mbuzi wa Noeli?"

"Weye njo mbuzi mwenyewe," Katsuva akajibu bila nguvu.

Vahwere akacheka. Dokta Ngabu, aliyesimama kando ya kitanda, hakucheka. Aligusa paji la uso la mtoto.

"Alipata dawa nyingine tangu atoke hapa?"

"Hapana, dokta," mama akasema.

Vahwere akapata mshipa, akashusha sindano hadi ikagusa ngozi.

"Alipata!" Kavira akapaza sauti. "Juma lililopita, kule Aru. Chupa kama hii!"

Dokta Ngabu akaudaka mkono wa Vahwere.

"Ondoa!" Kisha akamgeukia mama. "Mama Kavira, unajua dawa hii inafanya nini? Inaua kansa, lakini inapunguza pia chembe za damu zinazopigana na maradhi. Chupa mbili zikifuatana hivi, na ya tatu juu yake, mutoto anakufa kwa homa, si kwa kansa!"

"Kavira, umenipatisha haya mbele ya watu!" mama akafoka. Halafu akamkabili dokta. "Na ninyi waganga? Dispensari ya kwanza walisema jipu, wakapasua. Ya pili walisema jino bovu, wakang'oa meno mawili. Weye unasema kansa. Kila mulango na neno lake. Mama akimbilie wapi?"

Alilosema mama lilikuwa kweli.

Dokta akaenda kwenye fonii, redio ya kuzungumzia na misioni za mbali, akaita Aru. Kavira na mama wakasimama mlangoni.

"Hapa hatuna Katsuva," muganga wa Aru akajibu. "Tuko na Mathieu, uvimbe wa taya. Dawa yetu imemsaidia sana."

"Dawa yenu? Uvimbe ulianza kupungua hapa kabla hamjamgusa! Ninyi munamuhesabu kati ya wanaopona, siye tunamuhesabu. Kwa hesabu hiyo Ituri ina watoto wawili wanaopona, na hapa kitandani iko mumoja, anachomeka na homa!"

"Usinipigie kelele, dokta. Mulitutumia habari gani juu yake?"

Redio ilikwaruza.

"Hakuna," Dokta Ngabu akasema.

Walibishana mpaka mchana, kisha wakakubaliana. Kila mgonjwa angeandikwa majina yake yote, majina ya wazazi, mwaka wa kuzaliwa, upande wa uvimbe na tarehe ya kila dawa. Neno kansa lingetumiwa tu pale ambapo kipande cha uvimbe kimetazamwa kwa darubini. Vinginevyo wangeandika: uvimbe wa taya, haujathibitishwa.

Dokta aliporudi, hasira ilikuwa bado usoni.

"Kavira, ulinyamaza kidogo tu, na sindano ilikuwa imefika ngozini. Muganga anatibu kile anachoambiwa. Ukimficha nusu ya habari, dawa yake inageuka sumu. Hakuna anayefukuzwa hapa kwa kusema kweli. Nasi waganga, ugonjwa mmoja tukiuita kwa maneno matatu, tumedanganya vilevile."

"Sikukusudia kumuua mutoto wangu," mama akasema kwa ukali.

"Najua. Lakini damu haiulizi ulikusudia nini."

Mama alimvuta Kavira karibu naye, akaanza kumweleza Vahwere kila mahali walikopita, tangu dispensari ya kwanza.

Katsuva alilazwa akatibiwa homa, ikashuka. Damu yake ilipopimwa mwezi wa Septemba, chembe zilikuwa zimerudi, na Vahwere akamtundikia chupa. Siku hiyohiyo Aru walitangaza kwenye fonii kwamba wamemwondoa Mathieu katika hesabu yao.