Moyo wa Polepole

Mtaani sote tulimwita Shangazi. Alikuwa mkunga, na kwa maneno hajambo. Kila alipoyanasa mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, aliyasalimu: "Karibu, mgeni wetu." Wauguzi wenzake walimtania kwamba ipo siku mgeni atamwitikia. Yeye alicheka tu, maana utani wa kazini hauui mtu.

Asubuhi hiyo, jua likiwaka madirishani, aliletwa leba binti mmoja mwenye mimba yake ya kwanza. Vipimo vilikuwa vimeshasema mapema kwamba mtoto ana kasoro ya moyo tangu alipoumbwa. Moyo wake unapiga polepole mno, kama wa mtu mzima aliyelala. Daktari alieleza kuwa hapo mashine haina msaada mkubwa. Mapigo ya mtoto mwingine yakishuka, wakunga hujua amechoka, wakamwahisha mama upasuaji. Ya huyu yalikuwa chini siku zote. Angechoka, nani angejua? Kwa hiyo upasuaji ulikuwa unaandaliwa.

Shangazi alifunga mkanda wa mashine tumboni, akashika kifundo cha mkono wa mama kuhisi mapigo yake, asije akachanganya mapigo ya wawili hao. Akasikiliza. Du... du... Huruma ilimkaba, akasahau kusalimu.

"Shangazi," binti alinong'ona, "yupo?"

"Yupo, mwanangu. Anajikongoja, lakini yupo."

Mchana mashine ilinyamaza ghafla. Shangazi aliusogeza mkanda huku na huku, roho mkononi. Kisha yakaja mapigo mengine, ya haraka na yenye nguvu, kama miguu ya mtoto anayekimbia koridoni. Aligusa mkono wa mama: hayakuwa yake. Daktari alikuja mbio, akasikia, akatabasamu. Moyo umekaa sawa, alisema, upasuaji wa nini tena. Shangazi naye furaha ikamzidi.

"Karibu," alisema. "Karibu, mgeni wetu."

Mapigo yakasita, kana kwamba yamesikia. Yaliporudi, yalikuwa karibu zaidi.

Binti alimshika mkono. "Huyo siye," alinong'ona. "Wangu yuko huku chini. Huyo ametokea mlangoni."

Shangazi alitoa chombo chake cha mbao cha kusikilizia, kile kinachofanana na tarumbeta ndogo. Alikiweka tumboni, akatega sikio. Kwenye mashine, mbio. Ndani ya chombo, du... du... Mioyo miwili, na mimba ilikuwa ya mtoto mmoja. Alimwita daktari naye asikilize. Daktari aliinama, hakusikia kitu, akamwambia Shangazi kwa upole kwamba amechoka, akapumzike.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Mnono. Moyo mzima kabisa. Ndugu walishangilia nje. Mama yake aligeukia ukutani, akakataa kumshika. Shangazi alipomfunika blanketi, mtoto aliacha kulia. Alimkazia macho, kama mtu anayemtambua aliyemfungulia mlango.

Shangazi alisikiliza lile tumbo lililobaki tupu. Kimya. Alisikiliza tena na tena, mpaka binti akamwomba aache.

Alikwenda kuosha vyombo vyake. Alipokishika kile cha mbao, kilitetemeka. Alikipeleka sikioni polepole.

Du... du...

Hakikuwa kimeegemezwa kwa mtu yeyote.

"Karibu," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Karibu, mwanangu." Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa, na mwenye nafasi alikuwa analia kwa nguvu chumba cha pili.

Shangazi hakurudi kazini. Yule mtoto aliyezaliwa anakua vizuri, na anapopita na bibi yake mbele ya nyumba ya Shangazi hupunga mkono kabla hajaambiwa. Chombo kimeviringishwa kwenye kipande cha blanketi, na Shangazi hukilaza kifuani. Sisi tukikiweka sikioni hatusikii kitu, ila ukikishika kina joto.

Wiki hii ameacha kula. Anasema mapigo ya humo chomboni yanazidi kuachana. Mtoto anachoka, na safari hii yupo anayejua, mkunga mzima, wala hana la kufanya.