Sajenti Anaishi kwa Koplo

"Jastin, hapo unatakiwa unichukie. Mbona unaongea kama unaomba chumvi?"

"Nakuchukia, Afande. Ni baridi tu imenibana koo."

"Rudia. Anzia kwenye ugali mbichi."

Koplo Jastin alisimama katikati ya chumba chake cha kupanga mjini Makambako, karatasi mkononi, akakunja uso kama mtu aliyemeza kwinini. Mkewe, Sajenti Yunis, alikuwa amekaa kitandani na kalamu sikioni, bakuli la viazi vya kuchemsha mapajani.

"Mke huyu," alisoma Jastin, "ananipikia ugali mbichi. Na nikikoroma ananipiga kiwiko."

"Bila kusoma."

"Mke huyu ni mzuri, kila nikimtazama nasahau kinachofuata."

Yunis alimtupia kiazi. Jastin akakidaka, akakila.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakijiandaa kuachana.

Ndoa yao ilikuwa halali na ya heshima: kanisa la Kilutheri kijijini Yakobi, kwaya mbili, tarumbeta, na shangazi mmoja aliyezimia kwa furaha kisha akazinduka chakula kilipoletwa. Wiki tatu baadaye ikaja zawadi ya mwisho ya harusi, barua kutoka ofisi ya malipo. Ilisema askari wawili wakioana, nyumba yao huhesabika moja, na posho ya nyumba huwa moja, ya mume. Ya Yunis ikafutwa. Barua iliongeza, kwa lugha tulivu kabisa, kwamba kuanzia siku ile Sajenti Yunis anaishi kwa Koplo Jastin, Makambako.

Ila Sajenti Yunis alikuwa akiishi Njombe, kilipo kikosi chake, mwendo wa saa nzima kwa gari. Alipanga chumba huko na kukilipia kwa mshahara. Aliandika barua nne: warudishe posho, au wamhamishe mmoja wao. Majibu mawili yalisema suala lake linashughulikiwa. Barua mbili hazikujibiwa mpaka leo. Msingi wa nyumba waliyoanza kujenga pale Yakobi ukaota majani, mbuzi wa jirani wakahamia bila kulipa kodi.

Basi Yunis akatunga mpango. Waachane kwa karatasi, posho irudi, wamalize nyumba, kisha wafunge ndoa upya.

"Na mchungaji tutamwambiaje?" Jastin aliwahi kuuliza.

"Kwamba Bwana ni mwingi wa rehema."

"Na mama yangu?"

"Mama yako tutamwambia mwisho."

Lakini mahakama haimwachanishi mtu hivi hivi. Inataka kwanza cheti cha baraza la usuluhishi la kata, kinachosema wazee wamejaribu kuwapatanisha wakashindwa. Ndiyo maana ugomvi ulihitaji mazoezi.

* * *

Baraza la Yakobi lilikuwa na watu wawili: mwenyekiti Mama Germana, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na Mzee Polikarpo, ambaye kazi yake ilionekana kuwa ni kusinzia.

"Kamwene, wanangu," mwenyekiti aliwasalimu kwa Kibena. "Haya, semeni."

Wakasema. Jastin alilalamikia ugali. Yunis akalalamikia soksi zinazotupwa chini ya kitanda. Jastin akaja na kiwiko. Yunis akajibu kwa mkoromo. Kila mmoja alitulia kwa adabu mpaka mwenzake alipomaliza.

Mzee Polikarpo alifumbua jicho moja.

"Mwenyekiti, mimi nina swali. Miaka yote niliyokaa kwenye benchi hili sijaona watu wanaochukiana wakangojana hivi. Wanaogombana huparamiana. Hawa wanapokezana kama wanacheza bao."

"Mmekariri," alisema Mama Germana. "Darasani kwangu ningewapa alama za kuigiza. Nendeni, mrudi baada ya wiki mbili. Ama mje na ugomvi wenu wenyewe, ama mje mmeshikana mikono."

Nje, walicheka mpaka Yunis akashika ukuta. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka pamoja, ila hilo hawakulijua.

* * *

Simu ilipigwa Jumatano jioni.

"Koplo, nimepata ugomvi wa maana. Nataka kusema habari za Ebeneza."

Yunis aliitazama simu, kuona kama imekatika.

"Jastin, upo?"

"Nipo. Hilo usiliguse."

"Nisikilize. Nitakulaumu kwamba siku ile hukuja. Wewe utajibu ulikuwa lindo, na mimi ni askari, lindo nalijua. Mimi nitakataa kuelewa. Kila mtu atatuamini."

"Tafuta jingine, Yunis. Sema nina mwanamke."

"Nani atakubali una mwanamke, na hizo soksi?"

Jastin hakucheka.

"Najua inauma," alisema Yunis taratibu. "Inaniuma na mimi, kukusingizia kitu ambacho hukukosa. Lakini naye angekuwepo, angehitaji nyumba. Tumalize nyumba, mume wangu."

Simu ikakatika. Baada ya nusu saa ukaingia ujumbe: *Sawa Afande.*

Yunis akamwonea huruma. Alidhani ni msiba tu unamrudia.

* * *

Siku ya pili ya baraza, Yunis alianza kama alivyopanga.

"Mwenyekiti, Juni mwaka juzi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa Jumapili. Saa nane mchana maumivu yakaanza, niko chumbani kwangu Njombe, peke yangu. Nikampigia huyu. Hakupokea. Nikamwandikia. Akanijibu hivi, ujumbe ninao."

Alifungua simu, akasoma: "*Nipo lindo. Siwezi kutoka.*"

Hapo ndipo alipaswa kukunja uso na kugonga meza. Hakuweza. Sauti ilishuka.

"Jirani alinipakia kwenye bodaboda. Tulipofika hospitali muuguzi akaniuliza unaishi wapi. Nikataka kumjibu kwamba jeshi linasema naishi Makambako, kwa mume wangu. Kwa karatasi zao, mama, saa ile nilikuwa nyumbani kwake. Mtoto alikuwa wa kiume, tukamwita Ebeneza. Huyu alifika kesho yake asubuhi, na gwanda mwilini, hajapata hata muda wa kubadili. Tulimzika hapa hapa Yakobi."

Mzee Polikarpo alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Koplo," alisema Mama Germana, "unasemaje?"

Jastin alitazama buti zake. Yunis akangoja. Akamgusa kwa ncha ya kiatu chini ya benchi. Akainama kidogo, akamnong'oneza:

"Lindo."

"Sikuwa lindo," alisema Jastin.

"Kwenye karatasi hakuna hilo," alinong'ona Yunis.

"Najua."

Mama Germana alivua miwani. "Ulikuwa na mwanamke?"

"Hapana, mama. Ningekuwa na mwanamke ningekuwa na cha kuungama. Nilitoka lindo asubuhi ile, nikalala. Simu ilipolia niliiona. Nje kulikuwa na rasharasha, na baridi ya Juni mnaijua. Nikasema haya ni maumivu ya kawaida, wanawake wanayapata. Nikasema nitakwenda kesho. Nikaandika vile, nikavuta blanketi."

"Na gwanda?" aliuliza Yunis. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeulizia chenji.

"Nililivaa asubuhi. Ili uamini."

"Ilikuwa saa ngapi uliponijibu?"

"Saa tisa kasoro."

"Magari ya Njombe yalikuwepo?"

"Yalikuwepo mpaka saa kumi na mbili."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Yunis alihesabu mipigo saba.

"Kwa hiyo ulikuwa kitandani," alisema. "Kwenye kitanda kile ambako jeshi linasema ndiko ninakolala."

"Yunis."

"Miaka miwili nimekutetea. Mama yangu alisema maneno, nikamkatalia, nikamwambia hujui jeshi wewe, lindo si shamba la viazi. Sijaongea na mama yangu tangu Pasaka kwa sababu yako."

"Najua."

"Unajua. Na juzi nikakuomba radhi kwa kukusingizia."

"Nilikwambia tafuta jingine."

"Ulinipa na ushauri. Niseme una mwanamke."

Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyengoja mwenzake amalize pia. Maneno yalikuwa yakigongana katikati ya chumba. Mzee Polikarpo alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mama," alisema Jastin akimgeukia mwenyekiti, "ukweli ni kwamba hii talaka ilikuwa ya uongo. Ni kwa ajili ya posho. Tunaomba tuondoe shauri."

"Mimi siombi," alisema Yunis.

"Tulikuwa tunaigiza, mama, muulize mwenyewe."

"Ni kweli," alisema Yunis. "Tulikuja tukiigiza. Mwenyekiti, naomba cheti."

Mama Germana alirudisha miwani usoni. "Mwanangu, nikupe siku saba?"

"Nilishatoa miaka miwili, mama."

Cheti kiliandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. *Baraza limeshindwa kuwapatanisha.* Mama Germana aligonga muhuri mara mbili, maana mara ya kwanza aliugonga pembeni ya karatasi.

* * *

Jastin alimfuata mpaka kwenye msingi wa nyumba yao. Mbuzi walinyanyuka, wakawapisha.

"Kama tungekuwa na nyumba moja kweli, Yunis. Kama wasingekukata posho, kama wangetuhamisha. Nisingehitaji kusafiri ndipo niwe mume. Ningekuwa pale pale."

"Hilo nimeliandika kwenye barua nne. Ni kweli, na walinionea. Lakini posho nilinyimwa na jeshi, Jastin. Wewe hukunyimwa na mtu kuja."

"Nilikuwa mjinga. Sikuwa mbaya."

"Ningejua ulikuwa mjinga ningelia na wewe. Ulivaa gwanda."

Alitaka kumshika mkono. Yunis akauingiza kwenye mfuko wa koti.

"Bado nakupenda, Afande."

"Hata mimi," alisema Yunis. "Hilo ndilo baya."

Akashuka kuelekea barabarani. Hakugeuka, kwa sababu alijijua.

* * *

Mahakama ilimaliza shauri mwezi Machi. Mwisho wa Aprili, Hilda wa ofisi ya malipo alimwita dirishani. Hilda aliona fahari. Barua zote nne za Yunis zilipita mikononi mwake.

"Sajenti, imerudi. Tazama mwenyewe. Hali ya ndoa: ametalikiwa. Makazi: Njombe."

Yunis aliisoma karatasi mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, jeshi lilijua anakolala.

"Mbona hufurahi? Ulivyoisotea hii posho."

"Nafurahi, Hilda."

"Sasa wewe una nyumba, na yeye ana nyumba. Haki imetendeka."

"Imetendeka," alisema Yunis, akaomba kalamu asaini, na kalamu ikagoma mpaka alipoipulizia.

Nyumba ya Yakobi haikuendelea. Kila mmoja alimwachia mwenzake msingi, na wote wawili wakakataa kuuchukua. Kaburi dogo la Ebeneza liko jirani na hapo. Mama yake Yunis alipanda gari kutoka Lugarawa, akakaa naye siku kumi, na hakusema hata mara moja, "Nilikwambia."

* * *

Juni ikarudi. Jumapili, rasharasha, ukungu umekaa juu ya mabati. Yunis alikuwa kitandani, blanketi mbili, jiko la mkaa limebaki majivu. Saa tisa kasoro simu ikaita kwa ujumbe.

*Afande. Nipo stendi ya Njombe. Nimekuja na gari la saa saba. Nimetoka lindo asubuhi, sijalala. Sitaki kitu, nataka twende wote kwa Ebeneza. Naomba.*

Aliusoma mpaka maneno yakaanza kuogelea. Aliijua stendi ile siku za mvua, upepo unavyokata, watu wanavyojibanza. Alijua koti la Jastin halina vifungo viwili vya juu, kwa sababu yeye ndiye aliyeahidi kuvishona.

Akarudi nyuma kwenye simu, mwezi baada ya mwezi, mpaka Juni ile. Ujumbe ulikuwa bado upo. Akaubonyeza, akauelekeza kwenye namba ulikotoka, akautuma kama ulivyo.

*Nipo lindo. Siwezi kutoka.*

Dakika kumi hazikuleta kitu. Kisha:

*Nimestahili. Magari yapo mpaka saa kumi na mbili. Nitangoja.*

Hakumjibu. Alilala akitazama dari, akasikia matone, akasikia watoto wa jirani wakigombea kiti karibu na jiko. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja akaamka kunywa maji, akarudi. Saa kumi na moja na nusu akajifunua blanketi.

Saa kumi na mbili honi ya gari la mwisho ilisikika kutoka upande wa stendi, ndefu, kisha fupi, likaondoka kwenda Makambako. Simu ikawaka kitandani. *Usiku mwema, Afande.*

Yunis alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti mwilini, mwavuli mkononi, sindano na vifungo viwili mfukoni. Buti zilikuwa miguuni, na kamba alikuwa amezifunga, zote, mpaka juu.